Mnunuzi wa Kadi ya Sauti Hununua Nini?

Mtu asiyeona anapowasha kompyuta, haitazami skrini, huisikiliza. Programu maalumu humsomea maneno yaliyomo, sentensi kwa sentensi au herufi kwa herufi, naye hujibu kwa vidole juu ya kibodi. Programu za namna hiyo zinapatikana bila malipo. Katika mfumo wa Linux iko Orca, ambayo husoma yaliyomo katika skrini, na iko eSpeak NG, ambayo huyatamka katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Lakini zote mbili hazina faida yoyote ikiwa kompyuta yenyewe haitoi sauti. Kwa mtu anayeona, kompyuta iliyo bubu ni kero tu. Kwa asiyeona ni sanduku tupu.

Aghalabu kompyuta iliyo bubu chini ya mfumo wa Linux haina ubovu wowote. Nyaya ni nzima, spika ni nzima, na kadi ya sauti ilifanya kazi vyema ilipojaribiwa kiwandani. Kinachokosekana ni programu ndogo iitwayo kiendeshi. Nacho kinakosekana kwa kuwa aliyeitengeneza kadi hiyo hakueleza namna inavyoamrishwa. Jambo hili huonekana kuwa dogo, la mafundi peke yao. Kwa hakika ni suala la haki ya mnunuzi. Je, anayelipa bei kamili ya kifaa hununua kifaa pamoja na maarifa ya kukitumia, au hukodishiwa matumizi yake kwa muda atakaoupenda mtengenezaji?

Kadi ya sauti na kiendeshi chake

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kadi ya sauti huupima umeme huo mara nyingi sana katika kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kuwa namba. Kwa kiwango cha santuri za CD, vipimo huwa 44,100 kwa sekunde kwa kila mkondo, na kila kipimo huchukua biti 16, yaani baiti 2. Kwa mikondo 2, wa kushoto na wa kulia, jumla ni baiti 176,400 kila sekunde. Wakati wa kusikiliza, kazi hiyo hugeuzwa: namba huwa umeme, umeme huitikisa spika, na spika huitikisa hewa.

Namba hizo hazina budi kufika kwa wakati. Zikichelewa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, msikilizaji husikia mkwaruzo au sauti hukatika. Kiendeshi ndicho kisimamiacho safari hiyo. Huionyesha kadi mahali namba zilipowekwa katika kumbukumbu ya kompyuta, huiamrisha ianze au iache, huchagua idadi ya vipimo, hufungua njia ya maikrofoni au ya spika. Amri hizo huandikwa katika visanduku vidogo vilivyomo ndani ya chipu, viitwavyo rejesta, na kila aina ya chipu ina mpango wake wa rejesta. Asiye na mpango huo ni kama mtu aliyesimamishwa mbele ya ubao wenye swichi mia mbili zisizo na maandishi, akaambiwa awashe taa moja tu bila kuunguza nyingine.

Hapo ndipo kilipo kiini cha hoja. Waandishi wa viendeshi huria hawaombi mchoro wa ndani wa chipu, wala siri za kiwanda kinachoitengeneza. Wanaomba maandishi ya swichi tu. Wakiyapata, kazi ya kuandika kiendeshi wataifanya wenyewe. Na kwa kuwa msimbo wa kiendeshi huria huwa wazi kwa kila mtu, mwingine yeyote aweza kuusoma, kuurekebisha na kuuendeleza hata baada ya mwandishi wa kwanza kuacha.

Historia inafundisha nini?

Kadi za Sound Blaster za kampuni ya Creative ya Singapore zilianza kuuzwa mwaka 1989. Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliutangaza mfumo wa Linux. Muda si mrefu Mfini mwingine, Hannu Savolainen, aliandika viendeshi vya sauti vya mfumo huo, navyo vilikuja kuitwa Open Sound System. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Jaroslav Kysela wa Ucheki alianza na kiendeshi cha kadi moja tu, Gravis Ultrasound. Kazi yake ilikua ikawa mradi wa ALSA, uliofanywa kuwa msingi wa sauti katika toleo la 2.6 la Linux, Desemba 2003. Tangu hapo karibu kila kompyuta yenye Linux hupitisha sauti yake humo.

Katika miaka hiyo watengenezaji hawakufuata njia moja, na matokeo ya kila njia yanaweza kulinganishwa.

Njia ya kwanza ni ya kufungua. Mwaka 1999 Creative ilitoa msimbo wa kiendeshi cha kadi ya Sound Blaster Live! chini ya leseni huria ya GPL. Watu wengine waliupokea, wakautengeneza zaidi, na kadi hiyo ikaendelea kutumika katika Linux kwa miaka mingi baada ya kuondoka madukani.

Njia ya pili ni ya kusitasita. Kampuni hiyo hiyo ilipotoa kadi za X-Fi mwaka 2005, haikufuata mfano wake yenyewe. Watumiaji wa Linux walikaa miaka mitatu wakiwa na kadi ghali isiyo na kiendeshi huria. Katikati ya muda huo kampuni ilitoa kiendeshi kilichofungwa cha majaribio, nacho hakikuwaridhisha. Novemba 2008 msimbo ulitolewa chini ya leseni ya GPL. Takashi Iwai wa mradi wa ALSA akausafisha, na mwaka 2009 ukaingia katika Linux yenyewe, toleo la 2.6.31. Yaani, mara msimbo ulipotoka, kazi iliyokuwa imekwama kwa miaka mitatu ilikamilika katika muda usiofika mwaka.

Njia ya tatu ni ya kufunga, na mwisho wake unaonekana katika habari ya kampuni ya Aureal ya Marekani. Chipu zake za Vortex zilisifiwa sana kwa namna zilivyomfanya msikilizaji ahisi sauti ikimjia kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Kampuni ilitoa kiendeshi cha Linux ambacho sehemu yake ya ndani ilikuwa imefungwa. Mwaka 2000 Aureal ilifilisika, na mali yake ikanunuliwa na mshindani wake, Creative. Hapakubaki wa kuirekebisha sehemu iliyofungwa kadiri Linux ilivyobadilika. Ilibidi wapenzi wa kadi hizo waichunguze chipu kwa kubahatisha, rejesta baada ya rejesta, hadi walipopata kiendeshi kipya kilichoingizwa katika ALSA. Kazi hiyo yote ingaliepukwa kwa kitabu kimoja cha maelezo.

Habari hiyo haimlaumu aliyefilisika. Makampuni huzaliwa na kufa, na hilo ni jambo la kawaida katika biashara. Linaloonekana hapa ni kwamba kifaa kinaweza kuishi zaidi ya aliyekitengeneza, na kwamba maarifa ya kukiendesha yasiachwe yazikwe pamoja naye.

Hoja za watengenezaji

Si haki kudhani kwamba watengenezaji hukataa kwa uchoyo tu. Wanazo hoja, na yafaa zipimwe moja moja.

Hoja ya kwanza ni siri ya biashara: mshindani akiusoma mpango wa rejesta, atajua chipu inavyofanya kazi. Hoja hii ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2004 Intel ilichapisha kwa watu wote maelezo ya mfumo wake wa sauti uitwao High Definition Audio, ikieleza namna chipu inavyoamrishwa. Mfumo huo ukaenea katika kompyuta nyingi mno duniani, na uwazi wa maelezo yake haukuuzuia kuenea. Vivyo hivyo, kanuni za pamoja za vifaa vya sauti vya USB zilichapishwa mwaka 1998. Kifaa kinachozifuata huchomekwa tu na kufanya kazi, katika Linux na kwingineko, bila kiendeshi cha mtengenezaji. Aliyefuata kanuni hizo hakutoa siri yoyote, amepunguziwa gharama.

Hoja ya pili ni haki za watu wengine. Huenda kiendeshi cha kampuni kimebeba msimbo uliokodiwa kutoka kampuni nyingine, na mwenyewe haruhusu utangazwe. Hoja hii ni ya kweli. Jawabu lake ni kwamba si lazima kutoa kiendeshi hicho. Mtengenezaji aweza kukiacha kilivyo, akatoa maelezo ya chipu peke yake. Mbwembwe za mwangwi na sauti za sinema zikikosekana katika kiendeshi huria, hakuna neno. Kwanza kompyuta iseme.

Hoja ya tatu ni kwamba soko la Linux ni dogo. Ni kweli kuwa watumiaji wa Linux katika kompyuta za mezani ni wachache wakilinganishwa na wa Windows. Lakini gharama inayoombwa nayo ni ndogo, kwani maelezo ya rejesta huwa yamekwisha kuandikwa kwa matumizi ya wahandisi wa kampuni yenyewe. Tena mwaka 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa Linux, aliyatangazia makampuni kwamba wataandikiwa viendeshi bila malipo, wakitoa tu maelezo ya kifaa na mhandisi wa kujibu maswali. Aliongeza kwamba walio na hofu ya siri wanaweza kuwekeana mkataba wa kutozitangaza nyaraka, mradi msimbo utakaoandikwa uwe huria. Baada ya hapo, kusema kwamba kuandika kiendeshi ni gharama kubwa ni udhuru uliopungukiwa nguvu.

Hoja ya nne haisemwi sana, nayo ni hofu ya lawama. Kampuni huogopa kwamba ikishatoa maelezo, kila mwenye matatizo atapiga simu kwake. Jambo hili linatatulika kwa kauli moja ya wazi: kwamba kiendeshi huria hutunzwa na jumuiya ya waandishi wake, na kampuni hutoa maelezo bila dhamana. Wenye kutumia programu huria wamezoea masharti hayo.

Ugumu wa sasa

Haifai kudhani kwamba ushindi umekwisha kupatikana. Katika kompyuta za siku hizi kadi ya sauti haionekani kama kadi. Imekuwa chipu kadhaa zilizotawanyika ndani ya kompyuta. Ugumu nao umehamia mahali papya.

Kwanza, chipu moja huunganishwa kwa namna tofauti na kila anayeunda kompyuta. Huyu huweka maikrofoni kwenye mguu mmoja wa chipu, yule kwenye mwingine. Ndiyo maana msimbo wa ALSA umebeba orodha ndefu ya kompyuta, kila moja na marekebisho yake. Wahandisi wa Realtek ya Taiwan, ambayo chipu zake zimeenea mno, wamekuwa wakituma wenyewe marekebisho ya namna hiyo, na mfano wao unastahili kuigwa.

Pili, chipu nyingi za leo hubeba kompyuta ndogo ndani yake, ambayo huhitaji programu yake ya ndani kabla ya kufanya lolote. Mwaka 2018 Intel ilishiriki kuanzisha mradi wa Sound Open Firmware, ambao huuweka wazi msimbo wa programu hiyo. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, kompyuta nyingi zinazouzwa madukani hukataa programu ya ndani isiyotiwa sahihi kwa ufunguo wa Intel. Msimbo waweza kusomwa na kila mtu, lakini mwenye kompyuta haruhusiwi kuendesha humo nakala aliyoirekebisha. Hapa kitabu kimetolewa, na mlango umebaki na kufuli.

Mambo manne ya kuomba

Wenye kutaka sauti itoke hawana budi kujua hasa wanachokiomba. Barua yenye matusi haijapata kumfungua mtu mkono, na biashara haigombi. Ombi lenye kueleweka lina mambo manne:

(a) Maelezo ya rejesta na ya maunganisho ya chipu, yatolewe kwa watu wote. Au, ikishindikana, kwa mkataba usiozuia kutangazwa kwa msimbo wa kiendeshi.

(b) Idhini ya kuisambaza programu ya ndani ya chipu bila malipo, ili mtumiaji asilazimike kuitafuta kwa taabu.

(c) Vifaa viwili vitatu vya majaribio kwa waandishi wa kiendeshi. Mtu hawezi kushona nguo ya asiyempima.

(d) Mhandisi mmoja wa kujibu maswali, kwa kuwa hakuna kitabu cha maelezo kisicho na makosa.

Hakuna katika hayo manne lililo zito kwa kampuni yenye kiwanda. Mtengenezaji atakayetoa hata la kwanza peke yake atakuwa ametoa lililo kubwa kuliko yote.

Nguvu ya mnunuzi

Pamoja na hayo, ombi la mtu mmoja ni jepesi. Watengenezaji wa chipu humsikiliza yule anunuaye kwa maelfu. Dell ilipoanza kuuza kompyuta za mezani na za mkononi zenye Ubuntu mwaka 2007, na kompyuta za Chromebook, ambazo ndani yake mna Linux, zilipoanza kuuzwa mwaka 2011, swali la kiendeshi lilikoma kuwa la wapenzi tu. Likawa sharti la mteja mkubwa. Mwaka 2020 Lenovo nayo ilitangaza kwamba kompyuta zake zote za ThinkStation, pamoja na za mkononi za ThinkPad za daraja la P, zitathibitishwa kwa Linux. Kauli ya mnunuzi wa namna hiyo hufanya kazi ambayo maelfu ya barua hayakuifanya.

Katika Afrika Mashariki mnunuzi mkubwa yupo: ni serikali, vyuo vikuu, na taasisi zinazonunua vifaa vya shule. Zabuni zao hutaja kasi ya kompyuta, ukubwa wa kumbukumbu na upana wa skrini. Yafaa zitaje pia kwamba kila kifaa, sauti ikiwamo, kiwe na kiendeshi kilichomo ndani ya Linux yenyewe, na kwamba hilo lithibitishwe kabla ya malipo. Uthibitisho wake si mgumu. Fundi huchomeka kijiti cha USB chenye Linux katika kompyuta ya mfano, huiwasha, huicheza sauti, hurekodi maneno machache kwa maikrofoni na kuyasikiliza. Ni kazi ya robo saa, nayo yaweza kuokoa miaka ya kununa mbele ya mashine bubu.

Sharti hilo lina faida hata kwa ofisi zisizokusudia kutumia Linux leo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na kompyuta nyingi zilizokuwa zikiitumia hazitimizi masharti ya Windows 11. Kompyuta hizo bado zina uhai. Nyingine zitauzwa kwa bei ndogo, nyingine zitapelekwa mashuleni, na njia iliyo salama ya kuzitumia ni kuzitia mfumo huria. Itakayokuwa na viendeshi huria itafundisha watoto kwa miaka mingine. Isiyokuwa navyo itakwenda jalalani mapema, na taka zake za sumu zitabaki na mnunuzi, si na mtengenezaji.

Tena sauti si anasa ya muziki tu. Kwa sauti mwanafunzi hufuata somo lililorekodiwa, mtafiti huhifadhi masimulizi ya wazee kabla hayajapotea, na wanaojitolea hurekodi sentensi za Kiswahili katika mradi wa Common Voice ili mashine zijifunze kuisikia lugha hii. Kazi zote hizo huanzia katika maikrofoni na kupita katika kadi ya sauti.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyeunda chipu anastahili malipo yake, na mnunuzi amekwisha kumlipa. Kinachodaiwa sasa ni maandishi ya swichi, ambayo hayampunguzii mtengenezaji chochote, na ambayo kwa mtu asiyeona ndiyo tofauti kati ya kompyuta na sanduku. Watakaoandika zabuni za mwaka ujao wanaweza kuyadai kwa mstari mmoja. Wauandike.